Upepo, Maji na Jedwali Lililokosea: Kuchagua Ufuo wa Kaiti Kati ya Kilifi na Malindi

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa kwa sababu ya kazi. Leo sitaandika habari za seva wala hifadhidata. Nataka kuwasimulia juu ya programu ndogo niliyoiandika mwenyewe, ikapita majaribio yote, ikatoa jibu safi kabisa, na jibu lenyewe likanitia aibu mbele ya dada yangu.

Mambo yalianza hivi. Kazini tuko watu wa nchi tano na tunaonana kwenye skrini tu. Mmoja wetu anaishi Japani, mkoa wa Nagano, kule kwenye milima ya Hakuba ambako baadhi ya michezo ya Olimpiki ya baridi ya mwaka 1998 ilifanyika. Kila mwaka theluji inapokaribia, mwenzangu huyu hutengeneza lahajedwali ya mahali pa kwenda kuteleza na mbao zao. Safu moja ni kiasi cha theluji, nyingine mwinuko, bei ya tiketi, umbali kutoka nyumbani, na mwisho ugumu wa miteremko. Kule miteremko hupewa rangi: kijani kwa anayeanza, nyekundu kwa aliyezoea, nyeusi kwa asiyeogopa. Anazidisha kila safu kwa uzito wake, anajumlisha, kisha mahali penye alama nyingi ndipo anapokwenda na mkewe.

Nilipoiona nilicheka, halafu nikanyamaza. Sisi watu wa Pwani pia tuna mchezo wa ubao. Hatuna theluji ila tuna upepo. Ukipita ufuo wa Kilifi, Watamu au Malindi msimu ukiwa mzuri utawaona: mtu amesimama juu ya ubao, amejifunga mkanda kiunoni, na kamba ndefu zimeshika tiara kubwa kama tanga la mtumbwi. Upepo unamvuta juu ya maji. Vijana wa ufuoni huuita kaiti, nami nitauita hivyo hivyo.

Na si mfano tu. Theluji ya Japani na kaskazi yetu ni ndugu. Kuanzia Desemba hadi Machi bara la Asia hupoa kuliko bahari inayolizunguka. Hewa baridi ni nzito, hivyo hutoka barani kwenda baharini. Ile inayopita juu ya Bahari ya Japani hubeba unyevu na kuumwaga juu ya milima kama theluji. Ile inayoshuka Bahari ya Hindi hutufikia sisi kama kaskazi, upepo ule ule ulioleta majahazi ya Arabuni. Mwenzangu anapofunga viatu vyake vya theluji, huku Mambrui kuna mtu anajaza pumzi tiara yake.

Basi nikasema, na mimi nitatengeneza jedwali langu.

Kwa nini nililihitaji

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada. Mwaka 2023 alikuwa Kidato cha Tatu, umri miaka 17. Tangu utotoni amekuwa akiwasaidia watu kurusha tiara na kuzipokea zinaposhuka, akipewa shilingi mbili tatu. Alitaka kujifunza hasa, kwa sababu aliyefuzu anaweza kuwa msaidizi wa mwalimu, na baadaye mwalimu. Katika mji ambao kazi nyingi hutegemea wageni, hiyo ni njia ya kula kwa halali.

Kozi ya kaiti si rahisi kwa bei. Siku chache za mwalimu na vifaa zilikuwa karibu sawa na karo ya muhula mmoja. Nilimwahidi mpwa wangu kwamba nitalipa. Dada yangu hakufurahi. Baba yetu alikuwa mvuvi, na dada ndiye aliyekuwa akikaa macho na mama siku ambazo mtumbwi ulichelewa kurudi. Mimi nilikuwa mdogo, nililala. Alinijibu kwa maneno machache: "Pesa ni zako, mtoto ni wangu. Ukimpeleka, ujue unampeleka wapi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitapiga hesabu.

Kwanza, msimu

Jambo la kwanza lilikuwa tarehe. Mwanafunzi ana likizo tatu: Aprili, Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Hapo upepo hukusaidia kuchagua haraka.

Aprili ni tanga mbili. Kaskazi imekwisha, kusi haijashika, upepo unageuka geuka na mvua ya masika inakaribia. Kwa kaiti ni kupoteza nauli. Agosti kusi imekaa sawasawa, inavuma kutoka kusini na kusini mashariki. Desemba kaskazi inaanza, lakini mara nyingi mwanzoni ni dhaifu na huchangamka kuelekea mwisho wa mwezi, kisha Januari na Februari ndiyo yenyewe. Wakati huo shule zimefunguliwa.

Anayedhani msimu ni jambo dogo akaisome safari ya Vasco da Gama. Aprili 1498 aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa hapa, akavuka hadi pwani ya Calicut kwa siku zisizotimia 30. Wakati wa kurudi hakungoja upepo ugeuke. Alihangaika baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye, na alipofika Malindi Januari 1499 watu waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote, ikabidi chombo kimoja kichomwe moto. Bahari ilikuwa ile ile na vyombo ni vile vile. Tarehe ndiyo iliyokuwa mbaya.

Kwa hiyo: Agosti. Nikaomba likizo ya wiki mbili kazini.

Pili, mahali

Kutoka Kilifi hadi Malindi ni kama kilomita 60 kwa barabara, na ukiongeza Mambrui kwa kaskazini una fuo nyingi zisizofanana hata kidogo. Hizi ndizo nilizoziweka kwenye jedwali.

*Kilifi.* Kuna Kilifi mbili. Ya kwanza ni ule mkono wa bahari unaoingia bara chini ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991 (kabla ya hapo tulivuka kwa feri, na foleni yake wakubwa wanaikumbuka). Maji humo ni matulivu na yana kina, mazuri kwa kuogelea, kupiga makasia na mashua za tanga, lakini kingo zake ndefu huvunja upepo ukawa wa vipande vipande. Ya pili ni ufuo wa Bofa, mchanga mweupe unaonyooka, mwamba ukiwa mbele unazuia mawimbi. Huko upepo hufika bila kizuizi.

*Watamu.* Ghuba ndogo ndogo, visiwa vya mawe, maji ya rangi unayoiona kwenye kalenda. Sehemu kubwa ni hifadhi ya bahari tangu 1968, kwa hiyo kuna ada na kanuni za KWS, na lazima uulize ni wapi kaiti inaruhusiwa. Nyuma yake kuna Mida na mikoko yake. Maji yakipwa, mafungu ya mchanga hutokeza mbali na ufuo, na watu hutembea hadi huko kupiga picha.

*Mayungu.* Kati ya Watamu na Malindi. Kijiji cha wavuvi, maji ya kimo cha kiuno kwa eneo kubwa, mafungu ya mchanga. Watu wa kaiti wanakupenda.

*Malindi mjini.* Ghuba pana, karibu na kila kitu, tuktuk inakufikisha. Upande wa kusini kuna hifadhi ya bahari na matumbawe yake. Mbele ya mji kuna mchanga mwingi na mawimbi yenye nguvu wakati wa kusi.

*Mambrui na Che Shale.* Ukishavuka mto Sabaki unaingia dunia nyingine: vilima vya mchanga, ufuo mpana usio na watu, njia za gari zenye mchanga mwingi. Jina la Che Shale linajulikana na watu wa kaiti wa nchi nyingi. Tatizo ni rangi ya maji. Mara nyingi ni kahawia, kama chai ya maziwa.

Mbele zaidi kuna Ngomeni, na hapo wapenzi wa teknolojia mniruhusu nipumzike kidogo. Baharini mbele ya Ngomeni kuna majukwaa ya chuma ya San Marco, ya Waitaliano. Kuanzia 1967 hadi 1988 setilaiti zilirushwa kutoka hapo. Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, iliruka setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Walichagua mahali hapo kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure, na kwa sababu mashariki yake ni bahari tupu. Nao, kwa namna yao, walikuwa wakichagua ufuo.

Haya, turudi.

Jedwali

Niliandika programu ya mistari kama 200. Safu zilikuwa tano: nguvu ya upepo, usafi wa maji, umbali kutoka nyumbani kwa dada, gharama, na wingi wa watu majini. Data ya upepo nilichukua kwenye tovuti za utabiri. Kila safu nikaipa uzito. Upepo 5, gharama 4, usafi wa maji 3, umbali 2, watu 2.

Usafi wa maji niliuweka kwa nia njema. Nilifikiri: mtoto anajifunza, ataanguka mara mia, atameza maji, afadhali yawe safi na aone anapokanyaga.

Nikabonyeza. Ukashinda ufuo mmoja wa maji meupe kusini ya Malindi. Siutaji, kwa sababu kosa halikuwa lake. Mambrui ikawa ya mwisho.

Nikampigia mwalimu mmoja wa huko, nikapanga siku nne kuanzia Agosti 17, asubuhi. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Sawa, lakini tarehe hizo ni bamvua, tuanze alasiri." Mimi nikamjibu kwamba utabiri wangu unaonyesha upepo wa kutosha kuanzia saa tatu asubuhi, na kwamba alasiri nina mkutano wa kazi. Aliniuliza tena kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Mteja ni mimi, akakubali kutufundisha nchi kavu na kutazama.

Neno bamvua nimelisikia maisha yangu yote. Ningeulizwa maana yake ningejibu bila kusita: maji makubwa. Ila halikuwa na safu kwenye jedwali langu.

Siku yenyewe

Tulifika saa tatu na nusu. Bahari ilikuwa imeondoka. Sijui nieleze vipi kwa mtu wa bara. Pale ambapo kwenye picha palikuwa na maji ya samawati, palikuwa na majani ya baharini yamelala, vidimbwi, mawe, na akina mama wakiokota pweza. Na ilikuwa bado inaondoka. Maji yenyewe yalikuwa mbali karibu na mwamba, na upepo, naam, ulikuwepo sawasawa kama programu ilivyosema.

Mwalimu akasema tufanye mazoezi ya tiara ufuoni, tungoje. Tukafanya. Saa sita kasoro mpwa wangu, ambaye aliona siku yake inaisha na pesa za mjomba zinapotea, aliomba ajaribu kwenye mkondo mmoja uliobaki na maji ya kimo cha goti. Mwalimu alisita. Akanitazama mimi. Mimi nikasema, ajaribu kidogo.

Tiara ilimvuta hatua tano, akaanguka upande, akaburutwa juu ya matumbawe. Mwalimu aliiangusha tiara haraka, jambo lote halikuchukua hata dakika. Lakini mguu wa kulia ulikuwa umechanika kisiginoni, na kwenye wayo kulikuwa na miiba kumi na kitu ya vile viumbe vyeusi vya miiba vinavyokaa kwenye mawe. Tulikaa jioni nzima tunamtoa miiba kwa papai bichi na subira.

Dada hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Aliuosha mguu, akaufunga, kisha akaniuliza: "Maji yalikuwa yakipwa saa ngapi?"

Sikujua.

Kosa lilikuwa wapi

Usiku ule sikulala. Nilikaa na kompyuta nikitafuta kosa kama ninavyotafuta kosa la programu ya kazini. Nikakuta makosa mawili.

La kwanza: nililinganisha *mahali* na *mahali*, kumbe ufuo mmoja ni mahali kadhaa kwa siku moja. Pwani yetu maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kwenye ufuo uliolala tambarare, mita 3 za kwenda juu ni mamia ya mita za kwenda mbele. Kwa hiyo "ufuo fulani saa nne asubuhi" na "ufuo huo huo saa kumi jioni" ni safu mlalo mbili tofauti kwenye jedwali.

La pili ndilo lililoniuma zaidi, maana lilikuwa alama tu. Usafi wa maji niliuwekea kujumlisha. Kwa anayejifunza ilipasa iwe kutoa.

Fikiria. Maji ya pwani yetu huwa maangavu pale ambapo hakuna tope. Palipo na mwanga na pasipo na tope ndipo matumbawe huishi. Kwa hiyo maji maangavu mara nyingi ni dalili ya matumbawe chini. Sasa tazama Sabaki. Mto huo huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, huitwa Galana unapopita Tsavo, na hufika kwetu kwa jina la Sabaki ukiwa umebeba udongo wa nusu ya nchi. Nilihamia Nairobi kutafuta kazi, kumbe Nairobi inakuja Malindi kila siku bila nauli. :-) Udongo ule na maji yale matamu haviwapi matumbawe nafasi, ndiyo maana mbele ya mlango wa mto mwamba umekatika na chini ni mchanga. Wakati wa kaskazi mkondo husukuma tope kusini hadi ghuba ya Malindi. Wakati wa kusi hulipeleka kaskazini, upande wa Mambrui.

Yaani ile chai ya maziwa niliyoikimbia ilikuwa inaniambia: hapa chini ni laini, mtoto akianguka hataumia.

Mwenzangu wa Nagano alikuwa na safu hiyo tangu mwanzo, safu ya ugumu wa mteremko. Mimi niliinakili lahajedwali yake na kuiacha ile safu moja, kwa sababu niliona bahari haina miteremko.

Kanuni ya maji kwa mistari minne

Asubuhi nilianza kuongeza safu ya maji. Nikagundua kwamba kwa makadirio ya haraka huhitaji hata intaneti. Unahitaji mwezi.

Mwezi huchelewa kwa dakika kama 49 kila siku, na maji huufuata. Kwenye pwani yetu, siku ya mwezi mpya na siku ya mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi. Saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, zote mbili. Hapa saa yetu ya Kiswahili ni bora kuliko ile ya namba 24, kwa sababu namba haibadiliki. Basi:

siku = siku zilizopita tangu mwezi mpya
kujaa = saa 10 + (siku × dakika 49)
ikizidi saa 12, toa 12
kupwa = kujaa + saa 6 na dakika 12

Tujaribu. Agosti 16, 2023 ulikuwa mwezi mpya. Agosti 17 ni siku ya 1: kujaa ni saa 10 na dakika 49, kupwa ni saa 5 na dakika 1. Yaani mimi nilimpeleka mtoto majini saa tatu na nusu ili ashuhudie bahari ikiisha. Mwalimu alijua hilo bila kompyuta.

Sasa siku ya 8, Agosti 24. Mara 49 ni dakika 392, yaani saa 6 na dakika 32. Ongeza saa 10, toa 12: kujaa ni saa 4 na dakika 32 asubuhi. Tena mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua na wa mwezi huvutana badala ya kusaidiana, kwa hiyo ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana. Kuna maji ya kutosha karibu mchana kutwa. Ni kalenda ile ile iliyotundikwa ukutani kwa dada, yenye tarehe za Kiislamu pembeni. Mwanzoni na katikati ya mwezi ni bamvua, karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Nimeipita kalenda hiyo mara elfu nikienda jikoni.

Tahadhari: kanuni hii hukosea kwa nusu saa, pengine zaidi. Ni ya kupanga wiki, si ya kuamua usalama. Siku yenyewe tumia jedwali la maji la Mombasa. Majedwali ya kweli hujumlisha mawimbi mengi, la mwezi, la jua na mengine madogo, na ni hesabu ya zamani kuliko kompyuta zetu: katika miaka ya 1870 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alitengeneza mashine ya roda na uzi iliyokuwa ikijumlisha mawimbi hayo na kuchora maji ya siku zijazo kwenye karatasi.

Mara ya pili

Siku tatu za kozi zilikuwa zimebaki. Mwalimu, Mungu ambariki, hakudai nyongeza. Nilimwomba radhi, na safari hii nikamuuliza yeye: wapi, na lini? Akasema bila kufikiri: ngoja maji mafu, na umpeleke ng'ambo ya Sabaki.

Programu, baada ya kusahihishwa, ilisema hivyo hivyo. Nikiri kwamba nilifurahi kama mtoto.

Kisigino kilikuwa kimefunga. Agosti 25 tulitoka alfajiri, matatu hadi Mambrui, kisha pikipiki mbili kwenye mchanga. Dada alikuja. Hakusema kwa nini, alipanda tu. Alikaa kwenye kivuli cha mvinje na chupa ya chai, uso kwa bahari.

Maji yalikuwa ya kahawia kama nilivyotarajia. Yalikuwa ya kiuno kwa mbali sana, na chini ni mchanga mtupu. Mpwa wangu alianguka asubuhi nzima. Nilihesabu hadi 40 nikaacha. Kila mara aliinuka akicheka, anatema maji yenye tope. Kusi ilikuwa inavuma ikimrudisha upande wa ufuo, na hilo pia ni la kuzingatia: upepo wa kutoka bara, kama umande wa alfajiri unaowatoa wavuvi, humpeleka mwanafunzi asikotaka.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, alisimama. Alikwenda pengine mita 30, mgongo umepinda vibaya, akapiga kelele ambayo hata sisi ufuoni tuliisikia. Dada alisimama pia, chai ikamwagika. Halafu akakaa, akasema, "Mwambie asiende mbali."

Kwa anayetaka kuchagua

Nikifupisha kwa mtu anayepanga safari:

1. Anza na msimu. Juni hadi Septemba kwa kusi, mwisho wa Desemba hadi Machi kwa kaskazi. Aprili na Mei njoo kula embe za mwisho, si kaiti.

2. Kisha tazama mwezi. Kama unajifunza, lenga maji mafu. Kama wewe ni mzoefu na unataka mawimbi ya mwamba, bamvua alasiri maji yakijaa inaweza kukufaa.

3. Ndipo uchague ufuo kulingana na *wewe*. Anayeanza: ng'ambo ya Sabaki, au Mayungu maji yakiwa ndani. Aliyezoea na anayetaka maji mazuri: Bofa au Watamu, baada ya kuuliza kanuni za hifadhi. Mwenye familia isiyopenda kaiti: Kilifi, maana wengine watapata pa kuogelea. Anayetaka kutazama matumbawe: hifadhi za Malindi na Watamu wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari, na aache ubao nyumbani.

4. Uliza wavuvi nyavu zimetegwa wapi. Kila ufuo una kamati yake, ile tunayoiita BMU. Bahari ni shamba lao kabla ya kuwa uwanja wako.

5. Mwalimu akikuuliza mara mbili kama una hakika, huna hakika.

Mpwa wangu alifanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2024. Hajawa bingwa wala mwalimu. Msimu ukiwa mzuri anasaidia ufuoni, anarusha tiara za wageni na kuwatazama wanaoanza, na msimu ukifa anatafuta kibarua kingine kama vijana wengi wa hapa. Sijui kama kaiti itamlisha. Hilo halimo kwenye jedwali langu, na sijui ningeliwekea uzito gani.

Ile programu bado ninayo. Imepungua, sasa ni mistari kama 60, na safu ya kwanza ni maji. Kila nikienda nyumbani dada huniuliza asubuhi kabla ya chai maji yanajaa saa ngapi. Najua anajua. Amekwisha tazama kalenda. Ananipima tu, na mpaka leo nimekosea mara mbili.

Wenyeji wa Kilifi, Takaungu, Watamu na Ngomeni, nirekebisheni nilipokosea, hasa kwenye kanuni ya maji. Tuonane tena, na safari ijayo nitarudi kwenye habari za hifadhidata kama nilivyoahidi.